Shajara ya vongole: spageti nyeupe za Napoli, bila divai

Oktoba, mwanzo mwanzo

Haya jamani, naanza shajara. Mana ndugu zangu wa Tanga kila mmoja ananiuliza kwa simu kivyake we huko Napoli unapika nini siku hizi, afu narudia hadithi ile ile mpaka bando linakata, bora niandike sehemu moja kila mtu asome kwa wakati wake.

Mradi ni mmoja tu. Spaghetti alle vongole, ile nyeupe, in bianco wanavyoita wenyewe, haina nyanya. Na mi naongeza sharti langu, isiwe na divai hata tone. Lengo ni nipike tarehe 24 Desemba mezani kwa Signora wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima ambaye namsaidiaga kupandisha mifuko ya sokoni, na ambaye mkesha wa Krismasi anajaza nyumba ndugu na majirani, wote wanajua kupika na wote wana mdomo. Akaniambia mwaka huu mikono inamuuma, sufuria nishike mimi, yeye atakaa kwenye kiti na kuamrisha. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri vizuri.

Mkesha wenyewe wanauita Vigilia, kwa desturi za Kikatoliki siku hiyo nyama hawagusi, kwahiyo meza nzima ni bahari. Napoli inaanza na spageti au vermicelli za vongole, afu baccalà ya kukaanga yaani yule samaki wa chumvi, afu capitone ambaye ni samaki mkunga mnene hivi, mrefu kama nyoka, na saladi ya koliflawa na vitu vya siki wanaiita insalata di rinforzo. Mi Muislamu nakula zangu vya baharini vyote kwa raha, nimekulia kwenye fiqhi ya Shafii kombe na kamba sio tatizo, ishu ni divai tu.

Sasa vongole ni nini. Ni ndugu wa kombe zetu, wale wa magamba mawili ambao kina mama wa pwani wanawafukua kwenye mchanga maji yakishakupwa. Vongole ni ndogo, rangi ya kijivu na kahawia yenye mistari. Kwetu nyumbani tulikuwa tunachemsha, tunatoa nyama, nyama inaenda kwenye tui, magamba nje, na maji ya kuchemshia yanamwagwa. Hapa yale maji ndo chakula chenyewe. Hilo nililiona siku ya kwanza nilipokula kwa Signora, sahani ina mchuzi mweupe mzito umeng'ang'ania kwenye tambi, nikauliza umeweka krimu? Kimya. Nikauliza siagi? Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Hamna krimu, hamna siagi, hamna jibini. Vongole, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, paseli, tambi, basi. Pilipili kidogo kwa anayetaka. Ndo nikasema mchuzi ule unatoka wapi, lazima nijue.

Oktoba, Jumamosi, soko la Pignasecca

Niko hapa kwa masomo, chuo cha L'Orientale, kile ambacho Wataliano wanasomea Kiswahili (mtu wa Napoli akisema hujambo anasema na mikono yote miwili, raha sana), na Pignasecca ni hatua chache kutoka nyumbani. Soko la barabarani, samaki wamepangwa kwenye masinia ya maji, wauzaji wanapiga kelele kama wako Deep Sea pale Tanga asubuhi.

Leo nimeenda kwa kujifunza tu, sijanunua kitu, na nimejua kwamba neno vongole linabeba vitu zaidi ya kimoja. Kuna vongola verace, yaani ya kweli, ndo inayotafutwa kwa sahani hii. Kuna lupini, ndogo zaidi, gamba la kung'aa lenye mistari, bei nafuu, na wazee wengi wa hapa wanakwambia lupini ina ladha kushinda verace ila watu wa siku hizi wanapenda sahani ionekane kubwa. Lupini ni ndogo kweli, Umoja wa Ulaya unataka isivuliwe chini ya milimita 25 ila Italia mwaka 2017 walipewa ruhusa maalum ya kuvua mpaka milimita 22.

Sasa kwenye hiyo verace napo kuna mchezo. Verace ya asili ya Mediterania kisayansi inaitwa Ruditapes decussatus. Lakini mwaka 1983 kule laguna ya Venezia, yaani ziwa la maji ya chumvi kando ya bahari, walileta ndugu yake wa Asia, Ruditapes philippinarum, ili wafuge, mana anakua haraka na ana roho ngumu. Akastawi kupita kiasi. Leo sehemu kubwa ya kinachouzwa Italia kwa jina la verace ni huyo Mfilipino. Muuzaji mmoja mzee akanionyesha namna ya kutofautisha: ukimwacha kwenye maji akatulia anatoa mirija miwili ya kupumulia na kula, kama mirija imeachana toka chini mpaka juu ni mwenyeji, kama imeshikana karibu urefu wote ikaachana nchani tu ni Mfilipino. Nilikaa pale nachungulia kwenye sinia mpaka mteja mwingine akanisogeza kwa kiwiko.

Je ladha? Wanasema mwenyeji ni mtamu zaidi na mimi nitawaamini, ila bei yake ni ya mtu mwenye mshahara. Mradi huu utakwenda na Mfilipino, amekaa hapa zaidi ya miaka 40, ameshakuwa mtu wa hapa.

Jambo jingine ni lebo. Vongole zinauzwa kwenye neti iliyofungwa ina lebo, inaonyesha zilikotoka, kituo kilichozifunga na tarehe. Muuzaji akifungua neti ili apime kwa kilo anatakiwa lebo aitunze siku 60, kwahiyo ukiomba kuiona sio ukorofi. Signora hanunui bila kuiona. Yeye anakumbuka 1973. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo kipindupindu kiliingia Napoli na lawama ikawaangukia kome, wale ndugu weusi wa vongole, mashamba ya kome ya ufukweni Santa Lucia yakang'olewa, watu wakapanga foleni ndefu za chanjo na wanajeshi wa majini wa Marekani wakaja na zile bastola za kuchanja watu haraka haraka. Baadaye wengi wakasema mzigo wenye wadudu ulitoka nje ya nchi, lakini mashamba yalishaondoka. Mpaka leo mtu wa umri wake akiona kome mbichi na ndimu anageuza uso.

Oktoba, katikati, mchanga

Nimenunua kilo. Vongole ya dukani imeshapitia kituo cha kusafishia lakini mchanga haukosi, na chembe moja ya mchanga kwenye jino inaua sahani nzima.

Utaratibu wa Signora: kwanza unachambua. Iliyovunjika tupa. Iliyo wazi iguse au igonge kidogo, ikijifunga ni hai, isipojifunga tupa. Afu zile zilizofungwa unazidondosha moja moja kwenye ubao wa mbao, tok, tok, tok, unasikiliza. Nilidhani ananichezea shere. Kumbe zipo ambazo mdudu alishakufa zamani gamba likabaki limefunga limejaa matope, na ukiidondosha inapiga sauti nzito ya kufa, au inapasuka na kumwaga tope jeusi hapo hapo. Kwenye kilo ya leo ilikuwepo moja. Moja! Fikiria hiyo ingeingia kwenye kikaango.

Afu unaziloweka kwenye maji ya chumvi. Hapa watu wengi wanaua wanyama bure kwa maji ya bomba matupu, hawa ni wa baharini, maji baridi yasiyo na chumvi yanawamaliza au wanajifunga na mchanga wao ndani. Mi napima gramu 35 kwa lita, Mediterania yenyewe iko kama 38 hivi. Maji yawe ya baridi, bakuli liwe pana, chini uweke sahani iliyogeuzwa au chujio ili mchanga ukidondoka wasiuvute tena. Giza, ubaridi, masaa kadhaa, unabadilisha maji. Ukipita kimya kimya unaona mirija imetoka na wanarushiana maji. Nimejikuta nakaa jikoni usiku naangalia tu, badala ya kusoma.

Na wakati wa kuzitoa usimwage bakuli kwenye chujio, utazimwagia mchanga wote juu. Unazichota kwa mkono.

Oktoba, mwishoni, chumvi

Leo matokeo makubwa. Nilipima kitu ambacho Signora hajawahi kupima mana yeye anaonja tu.

Vongole zikifunguka kwenye moto zinatoa maji yao, na maji yale ni bahari. Kikaango, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu kimepondwa na kiganja, ikianza kunukia tu kabla haijawa kahawia unamwaga vongole, moto juu, mfuniko. Dakika chache zinaanza kuachia. Hapa usisubiri zote, inayofunguka toa, inayofunguka toa, mana ikikaa inakuwa raba. Zikiisha chini unabaki na maji ya kijivu mazuri. Hayo unayapitisha kwenye kitambaa safi au chujio la nyuzi ndogo kabisa, mana hata ukiloweka vipi bado chini kunabaki unga wa mchanga.

Nimeonja maji yale peke yake. Makali jamani. Kwahiyo ile kawaida ya kutia chumvi kwenye maji ya tambi haifai hapa, ukijumlisha chumvi ya sufuria na chumvi ya vongole unapata kitu cha kutibia koo. Leo nimechemsha tambi kwa chumvi ya kugusa tu na mwisho imekaa sawa kabisa. Kuna wapishi wa hapa wanachemsha bila chumvi kabisa, naelewa kwanini.

Mchuzi lakini bado. Ladha ipo, imenyooka, ila mafuta yanaelea huku maji yako kule, sahani ina dimbwi. Nimeutaka ushikane kama tui la kwanza. Hiyo ndo kazi ya Novemba.

Novemba, Gragnano

Nimepanda treni ya Circumvesuviana mpaka Castellammare di Stabia afu basi kupanda Gragnano, mji wa tambi, chini ya milima ya Lattari. Sababu ni kwamba kila ninayemwuliza mbona mchuzi haushikani ananiuliza kwanza tambi gani. Nilikuwa natumia ile ya bei ya chini ya supamaketi, laini inateleza kama plastiki.

Juu ya mji kuna Bonde la Vinu, Valle dei Mulini, vinu vya maji vilivyokuwa vinasaga ngano. Barabara kuu, Via Roma, ndo zamani walikuwa wanaanika tambi nje kwenye fito kama sisi tunavyoanika nguo, upepo wa bahari unapanda na wa mlimani unashuka, tambi inakauka taratibu bila kupasuka. Leo wanakaushia ndani lakini sheria ya jina imebaki kali. Pasta di Gragnano ina ulinzi wa IGP toka 2013, yaani jina linalindwa na Umoja wa Ulaya kwa mahali linapotoka, lazima iwe semolina ya ngano ngumu na maji ya hapo hapo, ipitishwe kwenye matundu ya bronzi, ikaushwe kwa joto la kati ya nyuzi 40 na 80. (Ngano ngumu sio ya Gragnano peke yake, sheria ya Italia toka 1967 inalazimisha tambi kavu yote ya nchini iwe ya ngano ngumu.)

Bronzi ndo siri. Tundu la plastiki ngumu linatoa tambi inayong'aa. Tundu la bronzi linaikwaruza, inatoka na vumbi jeupe, ukiipapasa ni msasa. Vumbi lile ni wanga, na wanga ukiingia kwenye maji ndo gundi ya kushikanisha mafuta na maji. Na kukausha taratibu kwa joto la chini kunaiacha tambi ivumilie kupikwa hatua mbili bila kuwa uji.

Nimenunua spageti na vermicelli. Vermicelli ya Napoli ni nene kidogo kuliko spageti, na kwa vongole wazee wanaipendelea. Linguine nimeziacha, bapa mno kwa hamu yangu, ingawa migahawa mingi inazitumia.

Novemba, jioni moja ndefu, kushikana

IMESHIKA.

Naandika kwa harufu ya kitunguu saumu mpaka kwenye kibodi. Ngoja nieleze mtiririko wote kama ulivyokwenda leo, mana mambo yako kwenye mpangilio.

Vongole zimeshafunguliwa, maji yake yameshachujwa, nyama ya nusu nimeitoa kwenye magamba na nusu nimeiacha na magamba kwa ajili ya macho (Signora anasema sahani isiyo na magamba ni ya mgonjwa). Sufuria ya tambi nimeweka maji MACHACHE kuliko kawaida, tambi zinajibana, maji yanakuwa meupe mazito. Pembeni kikaango kipana, mafuta mapya, kitunguu saumu kipya, vijiti vya paseli, nikatoa kitunguu, nikamwaga maji ya vongole, yakachemka yakapungua kidogo.

Pakiti inasema dakika kumi na kitu, mi nimetoa tambi kama dakika tatu nne kabla, bado ina kiini cheupe katikati ukiikata. Haijachujwa kavu, nimeivuta kwa koleo ikiwa inadondosha maji ikaingia moja kwa moja kwenye kikaango. Hapa ndo inamalizia kupikwa, ndani ya maji ya vongole, inayanywa. Ukiona inakauka ongeza kijiko kikubwa cha maji ya tambi. Koroga, tingisha, koroga, tingisha. Inafanya kelele fulani, zile za majimaji ya mwanzo zinabadilika zinakuwa nzito, chaa chaa inakuwa chwap chwap, sijui niandikeje, mkisikia mtajua.

Afu ZIMA MOTO. Hilo ndo la muhimu na hakuna aliyeniambia kwa maneno, nimeliona kwenye mkono wa Signora. Anazima, anasubiri mapovu yatulie, ndo anamimina mafuta ya zeituni mabichi kamba nyembamba huku anarusha tambi juu. Moto ukiwa mkali mafuta yanajitenga. Moto ukizimwa wanga unayakamata. Mchuzi ukabadilika rangi mbele ya macho yangu, kijivu kikawa cheupe cha maziwa. Vongole zikarudi mwisho kabisa zipate joto tu. Paseli. Imeisha.

Nikala yote. Nikapangusa sahani na mkate, hiyo inaitwa scarpetta na hapa sio utovu wa adabu, ni risiti.

Novemba, mjadala wa divai na nyanya

Jumapili kwa Signora kulikuwa na mkwe wake, mke wa mwanawe, mtu wa Romagna huko kaskazini, yeye anaweka divai nyeupe vongole zikiwa zinafunguka. Mi nikajua sasa hapa nitatengwa. Kumbe Signora ndo alikuwa wakili wangu. Akasema divai ni ya vongole zilizochoka, kama mdudu ni mzima maji yake yanatosha, ukiongeza uchachu unafunika bahari. Mkwe akasema kwao Romagna wanapika hivyo na hakuna aliyekufa. Sauti zikapanda. Mi nimekaa kimya namenya kitunguu, nimeshinda kesi bila kufungua mdomo.

Nyanya ndo balaa zaidi. Shemeji yake Signora anataka macchiato, yaani nyeupe iliyotiwa doa, nyanya ndogo chache za piennolo, zile za Vesuvio zinazofungwa mafungu na kutundikwa ukutani zinakaa mpaka baridi yote. Kuna na nyekundu kamili, in rosso, na hiyo nayo ni ya kienyeji kabisa, usidanganywe ni ya watalii. Lakini mimi mradi wangu ni kujifunza maji, na nyanya inaficha. Mchuzi usioshika ukiutia nyanya unaonekana umeshika. Kwahiyo nyeupe mpaka mwisho, shemeji atanisamehe au asinisamehe.

Jibini hata hatujajadili. Hapa halijadiliwi.

Novemba inaisha, pesa imeisha kabla yake

Wiki hii hamna vongole. Nimepika vongole fujute, sahani ya Napoli ya watu waliokaukiwa, maana yake vongole zimekimbia. Mafuta, kitunguu saumu, nyanya chache, paseli nyingi, tambi, na wewe unajisemesha kwamba bahari ilikuwepo ikatoroka. Nikiwa na kijiko cha maji ya vongole niliyoyagandisha kwenye friji nikayatia, sijui kama ni halali kwa mujibu wa sahani lakini ilikuwa tamu hatari.

Wakati nimekaa bila kununua nikaulizia kwanini bei inaruka ruka. Jibu ni kaa. Vongole nyingi za Italia zinafugwa kaskazini, delta ya mto Po, Goro, Scardovari, na laguna ya Venezia. Kabla ya kaa Italia ndo ilikuwa ya kwanza Ulaya kwa ufugaji huu. Majira ya joto 2023 kaa wa bluu, Callinectes sapidus, mgeni kutoka pwani ya Atlantiki ya Marekani, alizaliana kule kupita maelezo. Ana magando yanayovunja gamba kama karanga, na anapenda vongole changa zaidi, zile mbegu, kwahiyo anakula mavuno ya leo na ya mwaka kesho. Serikali ya Italia Agosti ile ikatenga euro milioni 2.9 za kumkabili, watu wakaambiwa mleni, migahawa ikatoa spageti za kaa wa bluu. Lakini familia za Goro ambazo kila nyumba kuna mtu wa vongole, kaa huwezi kumla kwa kasi anayozaa. Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba mgeni wa 1983 aliyejenga uchumi wa pale ndo anamalizwa na mgeni mwingine.

Basi ndo hivyo, ukiona bei imepanda sio kila mara muuzaji ana roho mbaya.

Desemba 23, usiku, Porta Nolana

Soko la samaki la Porta Nolana usiku huu halilali. Ni desturi, mji mzima unashuka kununua vya Vigilia, taa zimewashwa juu ya masinia, mikunga inajirusha kwenye mabeseni, kuna mkunga mmoja alitoka akaanza safari yake barabarani na watoto nyuma yake. Signora alinipa maagizo kwenye karatasi na ya mwisho ameipigia mstari: LEBO.

Nimepata Mfilipino wa Goro, wapo, wachache na ghali. Nimekadiria kilo kwa kila watu wanne, kilo moja inaenda na gramu 350 hivi za tambi. Ubao umeshapiga tok tok tok mpaka jirani amegonga ukuta. Sasa zimelala kwenye maji ya chumvi balkoni, ubaridi wa nje unatosha.

Hofu yangu ni wingi. Kupika kwa watu wawili na kupika kwa meza ndefu ni vitu tofauti, kikaango kikijaa sana hakuna nafasi ya kurusha, tambi ya chini inaiva kupita ya juu inabaki mbichi. Nimeamua vikaango viwili, vongole nifungue mapema mchana kwa mafungu, maji nichuje niweke pembeni, usiku ibaki kazi ya tambi na kushikanisha tu.

Desemba 25, mchana, macho mekundu

Imefanyika. Signora kakaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jikoni, kila nikinyoosha mkono anasema "piano, bella 'e mammà, piano", taratibu mwanangu taratibu, afu nikienda taratibu anasema harakisha.

Vikaango viwili vilisaidia. Cha kwanza kilishika vizuri kabisa, cha pili kilikuwa kizito kidogo mana maji ya tambi kufikia pale yalikuwa yamekolea wanga, nikakifungua kwa maji ya moto matupu kidogo kikakaa sawa, kumbukeni hiyo mkipika kwa mafungu. Shemeji alikula bila kutaja nyanya sahani ya kwanza, ya pili akaitaja. Mkwe wa Romagna akaniuliza umeweka divai eh? Nikamwambia hapana. Akaangalia sahani, akaendelea kula. Mjukuu wa Signora akaomba jibini na nyumba nzima ikapiga kelele kwa pamoja, mtoto wa watu akatishika, bibi yake akamletea kimya kimya chini ya meza.

Hukumu ya Signora mwenyewe: chumvi sawa, mchuzi sawa, paseli nimeikatakata sana, imekuwa nyasi, paseli inakatwa mara moja kwa kisu kikali na kuachwa.

Kilichobaki kwa Januari. Kwanza lupini, nione kama wazee wana haki, zile zinafunguka haraka zaidi kwahiyo muda wa kwenye moto lazima ushuke, nitaanza na nusu kilo. Pili colatura di alici, yale maji ya dagaa wa chumvi wa Cetara yaliyopewa DOP 2020 (ulinzi wa jina kama ule wa tambi za Gragnano, ila mkali zaidi), nataka kujua tone lake linafanya nini kwenye tambi isiyo na vongole, mana kanuni ni ile ile, chumvi inatoka kwenye bahari sio kwenye kopo. Tatu, kaka yangu anaenda Malindi mwezi wa pili, kule Wataliano wamejaa na migahawa yao, nimemwagiza aagize spageti za vongole aniambie wanatumia kombe gani na mchuzi umeshika au una dimbwi, na asome bei kwenye menyu kabla hajaagiza.